Wastani, Mchepuko Sanifu na Uzito wa Watoto

Swali: Wastani na mchepuko sanifu hubadilishaje mtawanyo wa kawaida? (Msomaji, Kibondo)

Jibu: Mtawanyo wa kawaida, yaani mpangilio ambao vipimo vingi hukusanyika katikati na vichache hubaki pembeni kwa ulinganifu, huamuliwa na mambo mawili tu: wastani, unaoonyesha kitovu kilipo, na mchepuko sanifu, unaopima jinsi vipimo vilivyosambaa kutoka kitovu hicho. Tafiti za lishe katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, zimekuwa zikilinganisha uzito wa mtoto kwa urefu wake na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, ambavyo huonyesha kila kipimo kiko michepuko sanifu mingapi juu au chini ya wastani, hivyo wastani wake ni 0 na mchepuko wake ni 1; mtoto aliye chini ya -2 huhesabiwa kuwa amekonda kupita kiasi, na kwa viwango hivyo watoto wa namna hiyo ni asilimia 2.3.

Wastani ukishuka hadi -0.5, mchoro wote husogea kushoto bila kubadilika umbo, na idadi hiyo hupanda hadi asilimia 6.7, takriban mara tatu, ingawa kila mtoto amepungukiwa kidogo tu. Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo kila mgawo wa chakula unapojadiliwa. Mchepuko ukifika 1.2 huku wastani ukibaki 0, mchoro hutanuka na kupungua kimo, na asilimia huwa 4.8, pengine kwa sababu ya upimaji wa ovyo, wala si njaa.