Hifadhidata Ikianguka Kisangani: Okoa Data Kwanza, Tengeneza Baadaye

Umeme wa Kisangani unategemea hasa bwawa la mto Tshopo, mtambo mkongwe ulioanza kazi miaka ya 1950. Umeme ukikatika ghafla, seva ya hospitali au ya duka la dawa huzimika katikati ya kuandika. Asubuhi hifadhidata inawaka na kuanguka, inawaka na kuanguka. Usikate tamaa. Mara nyingi data bado zipo, na kinachoziangamiza ni haraka ya fundi.

1. Acha kuiwasha tena na tena. Kila inapowaka, hifadhidata hujaribu kujiponya kwa kuandika kwenye faili zilezile zenye kasoro. Kama diski inakufa, unaimalizia nguvu. Izime, mweleze mkuu wako kwamba kazi itasimama, na usikubali kusukumwa.

2. Soma logi, ukianza na kosa la kwanza kabisa. Mengi yanayofuata huzaliwa na hilo. Kisha angalia nafasi kwa df -h. Diski iliyojaa huangusha hata hifadhidata isiyo na ugonjwa wowote. Ila ukitafuta nafasi, usiguse faili za pg_wal (PostgreSQL) au ib_logfile (MySQL)! Humo ndimo yalimo mabadiliko ambayo hayajafika mahali pake. Watu waliifuta folda ya pg_xlog wakidhani ni logi za kawaida, hata PostgreSQL ikaibadilisha jina kuwa pg_wal katika toleo la 10, mwaka 2017.

3. Nakili folda nzima ya data hifadhidata ikiwa imezimwa, uiweke kwenye diski nyingine. Nzima, si majedwali unayoyapenda tu: kwa MySQL, ibdata1 na faili za redo kama ib_logfile lazima zisafiri pamoja. Diski ikigoma kusoma, tumia ddrescue, ambayo huvuna kwanza sehemu nzima na kurudia mbovu baadaye. Matibabu yote yafanyike kwenye nakala. Hapa sikubali ubishi, hata kama foleni ya wagonjwa imefika barabarani.

4. Mtafute mkosaji. Pima diski kwa smartctl, RAM kwa Memtest86+, na usome dmesg. Kwetu mshukiwa wa kwanza ni umeme. Ukurasa mmoja wa InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, kwa kawaida una kilobaiti 16, lakini diski nyingi huandika vipande vya kilobaiti 4. Umeme ukikatika kati, ukurasa unabaki nusu mpya, nusu wa zamani. Ndiyo sababu InnoDB huandika kila ukurasa mara mbili (doublewrite). Anayezima kinga hiyo ili apate kasi anacheza na data za watu. PostgreSQL nayo ina full_page_writes: iache ikiwa imewashwa. Zipo pia diski za bei rahisi zinazodai zimeshaandika kabla hazijaandika, na hizo hakuna programu inayoweza kuzilinda kikamilifu. Nunua onduleri (UPS) kabla ya kununua kompyuta mpya.

5. Kwa MySQL au MariaDB, panda ngazi ya innodb_force_recovery polepole: 1, kisha 2, kisha 3. Ikikubali kuwaka, toa data mara moja kwa mysqldump, jedwali moja moja, ili jedwali bovu lisizuie mazima. Kuanzia 4 hadi 6 unaweza kuharibu faili moja kwa moja. Ukishatoa data, jenga hifadhidata mpya uzirudishe humo.

6. Kwa PostgreSQL, ambayo hubeba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Congo, anza na pg_amcheck, iliyopo tangu toleo la 14. Kama ni indeksi tu iliyoharibika, REINDEX inatosha. Usikimbilie zero_damaged_pages: ukurasa mbovu huhesabiwa kuwa mtupu, na safu zake zote hupotea. Iwe njia ya mwisho, pamoja na pg_resetwal.

7. SQLite? Endesha PRAGMA integrity_check, kisha .recover.

8. Linganisha na karatasi. Hifadhidata inayowaka bado inaweza kuwa na mapengo. Hesabu safu za kila mwezi, uziweke kando ya madaftari na ripoti za mwezi za kituo cha afya. Mwezi ulio na upungufu, uingize upya kutoka kwenye daftari.

9. Nakala ya akiba isilale chumba kimoja na seva. Radi za hapa hazichagui. Seva ikiwa mtaa wa Makiso, diski moja ipande toleka (teksi ya baiskeli) ikakae mtaa wa Mangobo, imefungwa kwa nenosiri kwa sababu ina siri za wagonjwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa isihesabiwe kuwa nakala. Chukua ya wiki hii, ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya Jumamosi, na umwonyeshe mwenzako jinsi ya kuirejesha wewe ukiwa safarini.