Wakili wa Rufaa wa Maskini: Je, Anatetea Dhambi?

Katika Summa Theologiae, Mtakatifu Tomaso wa Akwino anawapitia watu wa mahakamani mmoja mmoja: hakimu, mshitaki, mshtakiwa, shahidi na mwisho wakili (II-II, maswali 67 hadi 71). Sisi mafrateri huwa tunazisoma kurasa hizo haraka, kwa kuwa hatutarajii kuwa mawakili. Katika somo hili nataka tuzisome polepole, tukiwa na kazi moja mbele yetu ambayo Tomaso hakuijua: kazi ya wakili wa Marekani anayelipwa na serikali kumtetea maskini katika rufaa ya jinai. Nimechagua Marekani kwa sababu huko suala hili limebishaniwa kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu kabisa, na hukumu zake ziko wazi kwa kila anayetaka kuzisoma.

Ugumu wenyewe ni huu. Mtu ambaye bado hajahukumiwa tunaelewa kwa nini atetewe, huenda hakutenda. Lakini mteja wa wakili wa rufaa amekwisha kutiwa hatiani. Mashahidi wamesikilizwa au yeye mwenyewe amekiri, adhabu imetolewa, naye yuko gerezani. Unamteteaje huyo, tena kwa kodi ambayo hata ndugu wa marehemu wanailipa?

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Wakili huyu hafanani na wale wa kwenye filamu. Hahoji shahidi yeyote, wala hana baraza la raia la kulishawishi. Anapokea mwenendo wa shauri, yaani kila neno lililosemwa mahakamani likiwa limechapwa, wakati mwingine maelfu ya kurasa, naye anausoma akitafuta kosa la kisheria: ushahidi ambao haukustahili kupokelewa, maelekezo yasiyo sahihi ya jaji kwa baraza la raia, adhabu iliyozidi kipimo. Kisha anaandika hoja zake na kuziweka mbele ya majaji, kwa kawaida watatu. Mteja yuko gereza la mbali. Wanafahamiana kwa barua na simu. Hata akilipata kosa bado hajashinda, maana majaji wakiridhika kwamba kosa hilo halikubadili matokeo, hukumu inabaki palepale. Tena kosa ambalo wakili wa kwanza hakulipinga kesi ikiendelea ni vigumu kulilalamikia baadaye. Rufaa nyingi za jinai hukataliwa. Anayependa kuhesabu ushindi asiombe kazi hii.

Haki ya kumpata wakili huyu ni changa. Mwaka 1956, katika shauri la Griffin dhidi ya Illinois, Mahakama ya Juu ilisema jimbo haliwezi kumfungia maskini mlango wa rufaa kwa sababu tu hana fedha za kununua nakala ya mwenendo wa shauri. Tarehe 18 Machi 1963 ikatoa hukumu mbili kwa siku moja. Ya kwanza inajulikana sana: Clarence Earl Gideon wa Florida, aliyejitetea mwenyewe kwa kukosa fedha za wakili, aliandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, na mahakama ikaamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Kesi iliporudiwa akiwa na wakili, aliachiwa huru.

Ya pili, Douglas dhidi ya California, haisimuliwi sana, nayo ndiyo yetu. (Mmoja wa majaji wa Mahakama ya Juu, aliyeandika hukumu hiyo, naye aliitwa Douglas, ni majina tu yamegongana.) Huko California majaji wa rufaa walikuwa wakilisoma wenyewe jalada la maskini, kisha wanaamua kama kumpa wakili kungekuwa na faida. Mwenye fedha alisikilizwa kwanza kupitia wakili wake, ndipo akaamuliwa. Maskini aliamuliwa nusu kabla hajasikilizwa. Mahakama ya Juu ikasema huo si usawa: katika rufaa ya kwanza ambayo sheria inampa kila mtu, maskini naye apewe wakili. Leo majimbo kama Illinois na Michigan yana ofisi maalumu za mawakili wa kazi hii.

Turudi kwa Tomaso. Katika swali la 71, kifungu cha 1, anauliza kama wakili analazimika kumtetea maskini. Anajibu kwamba hilo ni tendo la huruma, na kwa kuwa hakuna awezaye kuwasaidia wote, wakili analazimika pale ambapo shida ni kubwa na haonekani mwingine wa kusaidia. Ni jibu la busara, ila linamwacha maskini akitegemea bahati ya nani yuko karibu. Mtakatifu Ivo wa Kermartin, padre na hakimu wa Kanisa huko Bretagne, aliyefariki mwaka 1303, anakumbukwa kwa kuwatetea maskini. Lakini mji wa pili, ambako hapakuwa na Ivo? Naona hukumu ya 1963 inapiga hatua hapo: kilichokuwa huruma ya mtu mmoja kinakuwa deni la jamii inayoshtaki. Sheria za Kanisa zina wazo hilohilo. Kanuni ya 1481 inataka mshtakiwa katika kesi ya jinai awe na wakili sikuzote, aliyemchagua mwenyewe au aliyepewa na hakimu.

Kifungu cha 3 ndicho kinachobana. Tomaso anasema wakili anayetetea shauri lisilo la haki, naye anajua, anatenda dhambi nzito na anapaswa kumfidia aliyedhulumiwa. Na katika swali la 69, kifungu cha 3, anamruhusu mshtakiwa kukata rufaa akiamini ameonewa, akimkumbuka Paulo aliyekata rufaa kwa Kaisari (Mdo 25), lakini anakataza rufaa ya kupoteza muda tu.

Baadhi ya wenzangu darasani walisema hapo wakili wetu amekwisha. Mimi sidhani. Katika swali la 67, kifungu cha 2, Tomaso mwenyewe anafundisha kwamba hakimu huhukumu kama mtu wa umma, kwa yale yaliyothibitishwa mbele yake kisheria, si kwa yale anayoyajua faraghani. Basi hukumu ya haki inahitaji zaidi ya kulenga mtu aliyetenda kweli. Mtu anaweza kuwa ameiba, na bado hukumu yake ikawa ya dhuluma, kwa sababu alipigwa mpaka akakiri, au alipewa miaka 20 pale sheria inaporuhusu 10. Wakili anayeipinga miaka 10 ya ziada hatetei wizi, na shauri lake ni la haki.

Ndugu msomaji, soma Danieli 13 kwa jicho hilo. Susana alikuwa amekwisha kuhukumiwa kufa, kwa neno la wazee wawili walioheshimika. Danieli aliwalaumu watu kwa kuhukumu bila kuchunguza, akawarudisha mahakamani, akawahoji mashahidi mmoja mmoja. Sisi tunajua tangu mwanzo kwamba Susana hana hatia. Mkutano ule haukujua.

Na rufaa isiyo na msingi wowote? Charlie Anders alitiwa hatiani California kwa kupatikana na bangi. Wakili aliyepewa alisoma jalada, akaiandikia mahakama barua kwamba rufaa haina maana. Anders akaomba wakili mwingine, akanyimwa, akajiandikia hoja mwenyewe na kushindwa. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilisema barua ile haitoshi. Wakili anaweza kuomba kujitoa, lakini baada ya kuchunguza kwa dhamiri, tena aeleze chochote katika jalada kinachoweza kumfaa mteja. Mteja apate nakala na nafasi ya kusema lake. Kisha mahakama yenyewe ipitie jalada lote. Linganisha na Tomaso: wakili anayegundua njiani kwamba shauri si la haki asiliache kwa namna ya kuusaidia upande wa pili, wala asitoe siri za mteja, bali ajitoe au amshauri mteja akubali kushindwa. Wanakaribiana kuliko nilivyotarajia.

Majaji watatu walipinga, na hoja yao inafaa darasa la mantiki: kama kuna chochote cha kumfaa mteja, basi rufaa haikuwa tupu, na kama ni tupu, wakili ataandika nini? Mwaka 2000 Mahakama ya Juu iliruhusu majimbo kutumia utaratibu mwingine, mradi maskini alindwe.

Kuhusu aliyetendewa uovu sina jibu jepesi. Kesi ikirudiwa, mama aliyekwisha kutoa ushahidi akilia huenda akasimama tena kizimbani. Kanuni ya kosa lisilobadili matokeo inampunguzia mzigo huo kidogo, na kwa sababu hiyo siioni kuwa hila ya serikali, ingawa mawakili wa rufaa wengi huilalamikia.

Deni hili nalo lina mpaka. Mwaka 1974, katika shauri la Ross dhidi ya Moffitt, Mahakama ya Juu ilisema Katiba haimdai serikali wakili zaidi ya rufaa ya kwanza. Rufaa hiyo ikikataliwa, mfungwa maskini anayetaka kubisha mlango wa mahakama ya juu zaidi, jimbo lake lisipompa wakili kwa hiari, anaandika mwenyewe.