MWENDO NA ISHARA: SIRI YA MCHEZO WA VIDEO

Chamani tumezoea kuchambua hadithi na mashairi. Leo naomba mnivumilie nichambue kitu ambacho wengi hukiona cha kupoteza wakati tu: mchezo wa video, au gemu kama tunavyoiita sisi vijana. Mimi nasema gemu ina fani yake kama ngano ilivyo na fani yake. Nguzo zake mbili ni mwendo, yaani kasi ya matukio, na ishara, yaani kile macho yanachoonyeshwa ili mchezaji ajue amefanya nini.

Kwanza, mwendo. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitunga Space Invaders. Maadui 55, safu 5 za maadui 11, hushuka polepole kutoka juu. Kompyuta ya mchezo ule ilikuwa na nguvu kidogo. Kila ilipochora picha ilimsogeza adui mmoja tu, na ilichora picha kama 60 kwa sekunde. Hebu tupige hesabu. Maadui wakiwa 55, kila mmoja hungoja karibu sekunde nzima ili zamu yake ifike. Wakibaki 10, hungoja sehemu moja ya sita ya sekunde. Akibaki mmoja, huyo ni mbio tu! Nishikado aliliona jambo hili akaliacha vivyo hivyo, na udhaifu wa mtambo ukageuka utamu wa mchezo. Kadiri unavyokaribia kushinda, ndivyo hatari inavyozidi. Je, si ndivyo hadithi inavyopanda hadi kileleni?

Pili, pumziko. Katika Pac-Man, iliyotungwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco mwaka 1980, mazimwi wanne humwinda mchezaji. Lakini hawamwindi mfululizo. Katika hatua ya kwanza humfukuza kwa sekunde 20, kisha kila mmoja huelekea kona yake kwa sekunde chache, halafu msako huanza tena. Mchezaji hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Kumbe mwendo mzuri si mbio tupu. Hata mpiga ngoma hodari hujua pa kunyamaza.

Tatu, ishara. Pac-Man akimeza tonge kubwa, mazimwi hugeuka rangi ya buluu na sasa wao ndio wanaotoroka. Muda wao ukikaribia kwisha, humetameta buluu na nyeupe. Hakuna neno lililoandikwa, lakini hata asiyejua kusoma ataelewa: jihadhari! Ishara njema basi huja papo hapo, husema jambo moja tu, na huonya kabla ya hatari, si baada yake. Fanani akiita "Paukwa!" na hadhira ikae kimya, ngano imekufa. Vivyo hivyo, ukibonyeza kitufe na usione chochote kikibadilika, gemu imekufa.

Sasa tufike penye ubishi. Tetris ilitungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Ile iliyotoka na Game Boy mwaka 1989 humetesha kila mstari uliojaa kabla ya kuufuta, hukuonyesha kipande kinachofuata, na huongeza kasi kila unapofuta mistari 10. Lakini katika mchezo wake wa kawaida hakuna mwisho wa ushindi. Unacheza mpaka ushindwe. Ndiyo maana mtu husema "moja tu ya mwisho" hadi usiku wa manane. Wenzangu, aliyetunga mchezo hakuweka kikomo, kwa hiyo kikomo ukiweke wewe kabla hujaanza. Ajuaye fundo lilivyofungwa ndiye awezaye kulifungua.

Nanyi walimu wetu, mniwie radhi, lakini hapa pana somo lenu pia. Kijana asiyeweza kukaa na zoezi la hisabati kwa dakika 20 hukaa na Tetris saa tatu. Si uvivu huo! Gemu humjibu papo hapo, na humpandishia ugumu ngazi kwa ngazi. Zoezi linalosahihishwa baada ya wiki tatu ni kama kitufe kinachobonyezwa leo kikajibu mwezi ujao. Mkiturudishia madaftari mapema, hata kwa alama moja tu ya kalamu nyekundu, mtashangaa tutakavyokazana.

ZOEZI: Chukua karatasi ya miraba, utunge gemu yako. (a) Ni nini kitakachoongeza kasi? (b) Mchezaji atapumzika wapi? (c) Atajuaje, bila maneno, kwamba hatari inakuja? (d) Mchezo utaishaje? Leteni majibu yenu kwenye mkutano wa chama. Mcheza kwao hutunzwa!