Jua Tunalo, na Sonona Ipo

Msimu wa kuamia ndege, mkulima wa mpunga katika delta ya Rufiji hushinda shambani tangu alfajiri, akipumzika kidogo kwenye dungu. Mvuvi wa kamba naye yuko mtumbwini. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na watu wa maisha kama haya aghalabu hawaikosi. Vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, vilivyochapishwa mwaka 2012, vilionyesha wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu wengi huona 50 inatosha.

Kwa nini basi vitamini hii ihusishwe na sonona? Tafiti nyingi zimekuta wagonjwa wa sonona wakiwa na kiwango cha chini. Lakini mgonjwa huyo hujifungia ndani na kula kwa shida, kwa hiyo upungufu waweza kuwa umeletwa na ugonjwa wenyewe. Marekani, watu wazima zaidi ya 18,000 wasio na sonona walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi, nusu wakimeza vitamini D kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2020: sonona iliwapata sawasawa.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Aliyepoteza mpunga wote, kisha akawa halali, hali, hana hamu hata ya kuongea na wanawe, asiambiwe akaote jua. Majirani husema ana mawazo tu, yatapita. Hali hiyo ikizidi wiki mbili ni ugonjwa, na unatibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Upungufu wa vitamini D upo pia, hasa kwa mzee asiyetoka kitandani na mtoto anayefichwa ndani. Huleta uchovu, maumivu ya mifupa na, kwa watoto, matege. Dagaa na mayai husaidia. Vidonge vitumike kwa ushauri wa mganga, maana vikizidi hudhuru figo.

Mwenye dalili za sonona apelekwe zahanati au kituo cha afya, na ndugu aingie naye, kwani mgonjwa mara nyingi hushindwa kujieleza. Akitamka kwamba amechoka kuishi, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Sumu ya wadudu wa shambani iondolewe nyumbani, na safari ya hospitali ianze siku hiyohiyo.