Herufi za Brashi

Wako watu wengi waliomaliza kisomo ambao wanasumbuliwa na jambo moja. Darasani walijifunza herufi zilizosimama wima, kila moja na nafasi yake. Gazeti hili wanalisoma bila taabu. Lakini wakifika mjini wakatazama kibao cha kinyozi, au maandishi ubavuni mwa basi, wanakwama. Herufi zimelala, zimeshikana mikono, nene huku na nyembamba kule. Mtu anaondoka kimya, akidhani amesahau kusoma. Hajasahau. Amekutana na herufi za brashi, na hizo hakufundishwa. Basi leo tuzisome.

Tunaposema herufi za brashi maana yake ni herufi zinazofanana na mwandiko wa mtu aliyechovya brashi kwenye rangi akaandika upesi. Brashi ikikandamizwa, mstari unanenepa. Ikiinuliwa, unakonda. Na kwa kuwa mkono hauinuki sana, herufi moja inaungana na nyingine. Fundi wa vibao hufanya hivyo kwa mkono wake. Lakini zipo pia herufi za kupiga chapa zilizochorwa kuigiza kazi hiyo. Huko Marekani, mwaka 1942, kampuni ya American Type Founders ilitoa herufi za namna hiyo zilizochorwa na Robert E. Smith. Ziliitwa Brush Script.

Herufi tunazozipenda zaidi ni zile zilizotoka Ufaransa, katika mji wa Marseille, mwaka 1953. Aliyezichora ni Roger Excoffon, na kiwanda kilichozitoa kiliitwa Fonderie Olive. Alizipa jina la Mistral. Hilo ni jina la upepo mkali wa baridi unaovuma kusini mwa Ufaransa. Mfano alioutumia ni mwandiko wake mwenyewe.

Kazi hiyo haikuwa rahisi hata kidogo. Wakati ule herufi ya chapa ilikuwa kipande cha madini, yaani risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Kimo chake kilikuwa kama milimita 23 na nusu, na sura ya herufi ilikuwa juu yake, imegeuzwa kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Mpiga chapa alivipanga vipande kimoja kimoja mpaka neno likatimia. Sasa fikiri. Unapoandika kwa mkono, herufi o huishika jirani yake kwa juu, na herufi a huishika kwa chini. Mkono unajua. Lakini kipande cha risasi hakijui jirani yake atakuwa nani! Kama mkia wa herufi moja uko juu na mwanzo wa inayofuata uko chini, neno litakatika. Excoffon alichora kila herufi ndogo ili mkia wake utokee mahali palepale ambapo inayofuata inaanzia. Halafu kingo za mistari aliziacha na mikwaruzo, kama brashi iliyokaribia kukauka. Kwa hiyo maungio yenyewe hayaonekani upesi. Huyo alikuwa fundi kweli.

Vipande vya risasi siku hizi havitumiki sana, lakini Mistral na Brush Script zimo katika kompyuta nyingi. Ndiyo maana unaziona hata kwenye kadi za harusi.

Utajuaje kama maandishi ni ya chapa au ya mkono wa fundi? Tafuta herufi inayorudiwa. Katika neno "sana" mna a mbili. Zikifanana kabisa, mara nyingi ni chapa. Zikitofautiana kidogo, huenda ni mkono wa mtu.

Sasa kusoma. Herufi zinazotatiza zaidi ni n na u. Kwa kawaida n imefungwa juu, na u iko wazi juu. Lakini brashi ikienda mbio zote mbili huwa kama mawimbi. Tazama neno "nunua": ni miguu mitupu! Usihangaike na mguu mmoja mmoja. Tafuta kwanza herufi ndefu, kama k, b na l, na nukta ya i. Hizo ni kama nguzo za nyumba. Kisha kumbuka kwamba maneno yetu ya Kiswahili karibu yote huishia na a, e, i, o au u. Kama herufi ya mwisho inakutatiza, hujui ni n au u, basi soma u: karibu, kitabu, dawa tatu. Majina ya watu kama Hassan ndiyo hukataa sheria hiyo.

Na kama ninyi ndio mnaoandika? Jina la duka la ushirika, au tangazo la ngoma, liandikeni kwa brashi, litapendeza. Ila msiandike neno zima kwa herufi kubwa za mtindo huu. Herufi kubwa hazikuchorwa ziungane. Andika DUKA hivyo uone, kila moja imeinamia upande wake kama mlevi. Maelezo marefu nayo yachosha macho. Na kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe kisiandikwe kwa brashi kamwe, eti kwa kuwa inapendeza. Katika mwandiko wa haraka 1 na 7 hufanana, na kijiko 1 kikisomwa 7 mifugo inaweza kufa. Vilevile kibao cha kisima chenye maji yasiyofaa kunywewa kiandikwe kwa herufi wima, kubwa, zilizoachana. Mtoto wa darasa la kwanza aweze kukisoma.

Zoezi: Tafuna ncha ya kijiti kama mswaki. Changanya masizi na maji kidogo. Andika "nunua unga" kwenye kipande cha boksi, mara ya kwanza polepole, mara ya pili haraka. Mpe jirani ambaye hakukuona ukiandika, asome ile ya haraka. Akishindwa, tazameni pamoja ni herufi gani iliyomkwamisha, kisha uiandike tena.