Darsa la Ramadhani, siku ya 17: Samaki aliyeambiwa amekwisha

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe.

Jana tulisoma aya ya 59 ya Surat al-An'am, kwamba Allah anayajua yote yaliyomo bara na baharini. Ndugu mmoja akaomba mfano wa hapa kwetu. Upo, tena ndani ya mkoa wetu: silikanti.

Wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakahesabu kuwa alitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 akanaswa huko Afrika Kusini. Wavuvi wa Komoro wao walishamzoea, wanamwita gombessa. Kuanzia 2003 akaonekana Tanzania, na wengi wakanaswa hapa Tanga.

Hebu mtazame kiumbe huyu. Ni wa bluu mwenye mabaka meupe, hufikia karibu mita 2 na kilo 90. Mchana hujificha mapangoni, chini kabisa kwenye giza na maji ya baridi, usiku ndiyo anatoka taratibu kuwinda. Mapezi yake yana nyama kama miguu, huyapeleka kwa kupishana kama mnyama anayetembea. Subhanallah! Tena hatagi, anazaa watoto hai. Utafiti wa magamba yake uliotolewa 2021 ulikadiria kuwa anaishi hadi miaka 100 hivi, jike haanzi kuzaa mpaka apite miaka 50, na mimba hukaa kama miaka 5. Aliyeshika mimba leo hazai mpaka zipite Ramadhani tano.

Hapo ndipo penye uzito. Anauawa na jarife, nyavu zinazotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Mvuvi mwenyewe hamtaki. Mmeniuliza kama ni halali kumla: samaki wa baharini ni halali, lakini nyama ya huyu imejaa mafuta yanayoharisha, na chenye kudhuru mwili tunakiacha. Kwa hiyo anakufa bure. Jike mmoja akifa na mimba yake, hata wajukuu zetu huenda wasilione pengo hilo likizibwa.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoshuka na pwani kuelekea Pangani. Mtasema, sisi watu wa bara inatuhusu nini? Mto unaopita Korogwe ndio huohuo Pangani, na maji yake yanamwagika huko. Pampu ya dawa ya shamba ukiisuuza mtoni, dawa inateremka na maji.

Halafu wengi wetu tuna jamaa wavuvi Tanga na Pangani. Watumieni ujumbe huu. Wasitege jarife kilindini ndani ya hifadhi, na silikanti akinaswa kwa bahati mbaya wawaarifu watu wa hifadhi, wasimfiche.

Maswali tutayapokea baada ya Tarawehe, inshallah.