Kabla ya Kulipia Mfereji, Uliza Mvua ya Wapi Imeingizwa Kwenye Kompyuta

Kila anayejenga ghala au fremu za maduka hufuatilia bei ya saruji, mabati na nondo wiki hadi wiki. Kuna kitu kingine ambacho hakina bei sokoni, lakini ndicho kinachoamua kama mali iliyomo ndani itabaki kavu. Kitu hicho ni namba chache za mvua ambazo mhandisi huziingiza kwenye kompyuta anapokadiria ukubwa wa mifereji na mabomba. Namba hizo zikiwa za mahali pengine, mchoro utatoka safi, makisio yatatoka safi, na maji yatapita juu ya kizingiti.

Somo letu wiki hii linaeleza namba hizo zinapatikana wapi, zinaingizwaje, na mwenye fedha anapaswa kuuliza nini kabla ya kutia sahihi.

Wafanyabiashara wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa hasara ya maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Mto Msimbazi ukifurika, mfereji wa kiwanja kimoja hauwezi kuuzuia, na dawa ya hilo ni kutonunua kiwanja bondeni. Lakini zipo hasara nyingi zinazotokea mbali na mto, kwa mvua ya nusu saa tu iliyokosa njia ya kutoka uani. Gunia la sukari au la saruji likilowa chini limeharibika, hata kama maji yalikaa kwa muda mfupi. Hasara ya aina hii inaweza kukingwa kwa hesabu sahihi.

Jumla ya mwaka haitoshi

Ukiuliza habari za mvua ya mji fulani, mara nyingi utajibiwa kwa jumla ya mwaka. Dar es Salaam hupata karibu milimita 1,100, na Dodoma karibu nusu ya kiasi hicho. Mwekezaji akisikia hivyo huamua kwamba Dodoma mifereji midogo itatosha. Huo ni uamuzi wa hatari, kama tutakavyoona.

Kinachohitajika kwa mfereji ni ukali wa mvua, yaani milimita ngapi zinaanguka kwa saa katika kile kipindi kifupi mvua inapokuwa kali zaidi. Kwa kiwanja kidogo chenye paa na zege, maji ya kona ya mbali huchukua kama dakika 10 hadi 15 kufika kwenye tundu la kutokea. Basi mvua inayotakiwa katika hesabu ni ya muda huo huo. Mvua ya siku nzima, ikigawanywa kwa saa 24, haimwambii mtu chochote kuhusu robo saa ile.

Kanuni inayotumiwa na programu nyingi kwa viwanja vidogo ni rahisi. Chukua sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi, zidisha kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, zidisha kwa eneo kwa hekta, kisha gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo za maji kwa sekunde. Eneo hupimwa kwa futi kamba, na sehemu inayotiririka hukisiwa kwa kuangalia paa, zege na nyasi. Ukali wa mvua ndio usioonekana kwa macho, na ndipo makosa makubwa hujificha.

Takwimu zinatoka wapi

Vituo vingi vya mvua Afrika Mashariki vina kipimo cha kawaida kinachosomwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi. Kipimo hicho hutoa jumla ya saa 24 tu. Ili kujua ukali wa robo saa kunahitajika kipimo kinachojiandikia chenyewe muda wote, na vituo vyenye kumbukumbu ndefu za aina hiyo ni vichache. Kwa Tanzania, mlango wa kwanza wa kubisha hodi ni Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Upungufu huu si wa leo. Mwaka 1974 watafiti Fiddes, Forsgate na Grigg wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, walitoa ripoti ya kukadiria mvua kali za Afrika Mashariki. Walionyesha namna ya kutoka kwenye mvua ya siku moja hadi mvua ya muda mfupi kwa mlinganyo mmoja. Ukali wa mvua ni namba fulani, tuiite A, ikigawanywa kwa muda wa mvua uliojumlishwa na 0.33, muda ukiwa kwa saa, na jumla hiyo ikiwa imepandishwa kwa kipeo. Kipeo hicho hubadilika kufuatana na eneo. Kwa ukanda wa pwani ni 0.76, na kwa vituo vya bara ni 0.96. Miteremko ya mashariki ya milima kama Kenya na Aberdare ina kipeo kilicho kati ya hivyo viwili.

Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba mvua ya pwani huelekea kujitandaza kwa saa nyingi, lakini ya bara humwaga sehemu kubwa ya maji yake kwa muda mfupi.

Hesabu ya kiwanja kimoja

Tuchukue kiwanja cha hekta 1 chenye ghala na uwanja wa zege, ambapo sehemu inayotiririka ni 0.85. Kwa ajili ya zoezi, tuseme mvua kubwa ya siku moja inayotumika katika usanifu ni milimita 100. Tunatafuta ukali wa robo saa.

Kwa kipeo cha pwani, robo saa hupata milimita 17.8, sawa na ukali wa milimita 71 kwa saa. Maji ya kutoa ni lita 168 kwa sekunde. Bomba la zege la milimita 450, likilazwa kwa mteremko wa 1 kwa 200, hubeba kama lita 200 kwa sekunde. Linatosha.

Kwa kipeo cha bara, mvua ile ile ya milimita 100 hutoa milimita 37.6 katika robo saa, yaani ukali wa milimita 151 kwa saa. Maji yanafika lita 357 kwa sekunde. Bomba la 450 halifai tena. Linatakiwa la 600, ambalo kwa mteremko huo huo hubeba kama lita 430.

Sasa turudi Dodoma. Hata tukipunguza mvua ya siku moja hadi milimita 60, kipeo cha bara kinatoa ukali wa milimita 90 kwa saa. Bado ni zaidi ya ile 71 ya pwani. Mji wenye mvua chache kwa mwaka unaweza kudai bomba kubwa kuliko mji wenye mvua nyingi. Mwekezaji aliyebeba mchoro wa ghala lake la Dar es Salaam na kuujenga vile vile Dodoma ili kuokoa gharama ya mhandisi amejinunulia mafuriko. Na aliyefanya kinyume, akatumia namba za bara pwani, amezika fedha ardhini kwa bomba kubwa asilolihitaji. Makosa yote mawili yanatoka mfukoni mwa mtu mmoja.

Mitego ya kwenye kompyuta

Programu nyingi za kusanifu mifereji zilitengenezwa Marekani au Ulaya, na huja na mvua za huko zikiwa zimeshaingizwa. Zile za Marekani mara nyingi huleta mikondo ya mvua ya saa 24 iliyotayarishwa na idara ya hifadhi ya udongo ya nchi hiyo, ikiitwa Aina I, IA, II na III. Kila aina ina eneo lake ndani ya Marekani, na hakuna hata moja iliyotayarishwa kwa ajili ya Tanga au Tabora. Mchoraji asipobadili kitu, kompyuta haitalalamika. Itachora mfereji kwa mvua ya watu wengine.

Mtego wa pili ni vizio. Programu ya SWMM, inayotolewa bure na shirika la Marekani la hifadhi ya mazingira, hufuata kizio cha mtiririko kilichochaguliwa. Ukichagua futi za ujazo, mvua inasomwa kwa inchi. Ukichagua lita au mita za ujazo, inasomwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kosa hapa ni kubwa, na kwa bahati nzuri huonekana upesi kwa mtu anayeangalia.

Mtego wa tatu ni wa siri zaidi. Mlinganyo wa 1974 hupima muda kwa saa, lakini programu nyingi hutaka dakika. Kwa mfano wetu wa pwani, namba A ni 47.1 na nyongeza ni 0.33, muda ukiwa kwa saa. Kwa dakika, kipeo kinabaki 0.76, lakini A inakuwa 1,058 na nyongeza inakuwa 19.8. Ukiingiza zile za saa mahali pa dakika, robo saa inatoa ukali wa milimita 5.9 kwa saa badala ya 71. Hayo ni manyunyu. Bomba litakalotoka kwenye hesabu hiyo litakuwa jembamba na bei yake itavutia, hivyo mkandarasi mwenye makisio ya chini kuliko wote anaweza kuwa ndiye aliyekosea.

Mtego wa nne uko kwenye jedwali la mvua. SWMM huuliza kama namba zinazoingizwa ni za ukali, za kiasi, au za jumla inayoongezeka. Ile milimita 17.8 ya robo saa ni kiasi. Ikiandikwa mahali pa ukali, programu itaichukua kuwa milimita 17.8 kwa saa, na robo tatu ya maji itatoweka kwenye karatasi. Uani haitatoweka.

Mvua ya miaka mingapi, mkopo wa miaka mingapi

Mhandisi atakuambia amesanifu kwa mvua ya miaka 10. Wengi husikia kwamba maji yatakuja mara moja tu kila miaka 10, tena mwishoni. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka upo uwezekano wa asilimia 10 wa kuipata au kuizidi. Kwa muda wa miaka 10, uwezekano wa kukutwa na mvua hiyo walau mara moja ni asilimia 65. Kwa mvua ya miaka 25, katika miaka hiyo hiyo 10, uwezekano ni asilimia 34.

Weka namba hizo pembeni ya mkopo wako. Anayehifadhi matofali anaweza kukubali mvua ya miaka 10. Anayehifadhi dawa, vitambaa au unga, na ana marejesho ya miaka 10 benki, aulize bei ya mfereji wa miaka 25 kabla ya kukataa. Tofauti ya gharama ya bomba ilinganishwe na thamani ya mzigo uliolala sakafuni, siyo na jumla ya gharama za ujenzi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Mvua iliyotumika ni ya kituo gani, na kiko umbali gani na kiwanja?

2. Kumbukumbu ni za miaka mingapi, na mwaka wa mwisho ni upi? Mlinganyo wa 1974 umejengwa kwa mvua za kabla ya hapo. Umbo lake bado linasaidia, lakini mvua ya siku moja itoke kwenye rekodi za karibuni.

3. Ukali uliotumika ni milimita ngapi kwa saa, kwa dakika ngapi? Asiyeweza kukutajia namba hizi mbili hajafanya hesabu.

4. Kipeo ni cha pwani au cha bara?

5. Ni mvua ya miaka mingapi?

6. Jibu la kompyuta limehakikiwa kwa mkono? Ukali mara eneo mara sehemu inayotiririka, gawanya kwa 360. Ni kazi ya dakika tano kwa kikokotoo cha dukani.

Omba majibu haya yaandikwe kwenye ukurasa mmoja na yaambatanishwe na mchoro. Anayenunua ghala lililokwisha kujengwa naye aombe ukurasa huo kwa muuzaji. Ukikosekana, ana hoja halali ya kuteremsha bei, au ya kusubiri masika ipite kwanza ndipo alipe.